Kinu Kikishambuliwa, Nani Atawasemea Watu wa Ziwa?

Mashambulizi ya kijeshi dhidi ya vituo vya nyuklia si nadra kama wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 1980, vituo vya aina hiyo vimepigwa Iraq, Iran, Syria na Ukraine, na huko Afrika Kusini kinu kilitegwa mabomu kikiwa bado kinajengwa. Kila mara dunia imeitikia kwa namna fulani: mikutano ya dharura imeitishwa New York na Vienna, matamko yametolewa, na mara chache azimio limepitishwa. Majibu hayo yakipangwa kwa mfuatano wa miaka, jambo moja linajitokeza. Ukali wake haukupimwa kwa hatari iliyowakabili majirani wa kituo. Ulipimwa kwa kuangalia ni nani aliyeshambulia, na ni nani mwenye kura ya turufu. Kwa wakazi wa Homa Bay na Migori, suala hili si tena habari za ng'ambo, kwa kuwa serikali ya Kenya imeuhamishia mpango wa kinu chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, katika kaunti jirani ya Siaya.

Hatari yenyewe yafaa ieleweke kabla ya siasa zake. Kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki, kwa sababu urani yake haijarutubishwa kufikia kiwango hicho. Balaa lake ni la namna nyingine. Kinu kikizimwa, kazi ya kupasua atomi husimama mara moja, lakini fueli iliyomo huendelea kutoa joto kwa siku, kwa miezi, hata kwa miaka. Joto hilo sharti liondolewe kwa maji yanayosukumwa na pampu, na pampu zinahitaji umeme. Kwa hiyo adui halazimiki kutoboa kuta nene za zege. Akikata nyaya za umeme zinazoingia kituoni na kuharibu jenereta za dizeli, au akiharibu mfumo wa maji ya kupoza, fueli hupanda joto mpaka ikayeyuka, na mionzi ikapata njia ya kutoka. Ndivyo ilivyotokea Fukushima, Japani, Machi 2011, ingawa huko jenereta zilizimwa na mawimbi ya tsunami na wala si mabomu. Kandokando ya kinu kuna pia bwawa la fueli iliyokwisha kutumika. Nalo linahitaji maji wakati wote, na katika vituo vingi halikujengewa ulinzi mzito kama wa kinu chenyewe.

Vituo vya kurutubisha urani, kama vile vya Iran, vina hatari tofauti. Huko tishio kubwa la karibu ni la kemikali: gesi ya urani ikivuja na kukutana na unyevu wa hewa hugeuka kuwa asidi inayounguza mapafu. Madhara yake hayasafiri mbali kama ya kinu kinachofanya kazi. Tofauti hii ni muhimu, maana viongozi wanaotetea mashambulizi hupenda kusema kwamba hakuna mionzi iliyovuka uzio wa kituo, kana kwamba hilo linaweza kuahidiwa kwa kituo cha aina yoyote.

Jibu kali kuliko yote lililowahi kutolewa ni la mwaka 1981. Tarehe 30 Septemba mwaka uliotangulia, ndege za Iran zilikuwa zimepiga kituo cha Tuwaitha karibu na Baghdad, ambako Ufaransa ilikuwa ikiijengea Iraq kinu cha utafiti cha Osirak. Uharibifu ulikuwa mdogo, na dunia haikushughulika. Kisha tarehe 7 Juni 1981 ndege za Israel zikafika hapohapo na kukibomoa kinu. Wanajeshi kumi wa Iraq na raia mmoja wa Ufaransa waliuawa. Kinu hakikuwa kimeanza kufanya kazi, hivyo majirani walinusurika na mionzi.

Siku 12 baadaye, tarehe 19 Juni, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 487 kwa kauli moja. Afrika ilikuwa na viti vitatu, vya Niger, Tunisia na Uganda, na balozi wa Uganda alikuwa Olara Otunnu, kijana wa Acholi ambaye miezi michache baadaye angeliongoza Baraza hilo kama rais wake wa mwezi. Hata Marekani ilipiga kura ya ndiyo. Azimio lililaani vikali shambulio hilo, likatambua haki ya Iraq kuendeleza nyuklia kwa matumizi ya amani, likasema Iraq ilistahili kupata fidia, na likaitaka Israel iviweke vituo vyake chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Kura hiyo ya Uganda yafaa ikumbukwe zaidi ya inavyokumbukwa: ni nchi ya ziwa hili iliyoshiriki kuandika kauli nzito kuliko zote kuhusu jambo hili. Lakini azimio halikubeba adhabu yoyote. Fidia haikulipwa. Ukaguzi haukukubaliwa. Mwaka 1982 Mkutano Mkuu wa IAEA ulizikataa hati za ujumbe wa Israel, Marekani ikatoka ukumbini na kusimamisha ushiriki wake kwa miezi kadhaa, na baada ya hapo mambo yakapoa. Iraq yenyewe ilihamishia mradi wake mafichoni.

Tangu hapo sauti ya dunia ilizidi kufifia. Iraq ilikishambulia mara kadhaa kituo cha Bushehr cha Iran kati ya mwaka 1984 na 1987, wakati wa vita vya nchi hizo mbili. Januari 1991 ndege za Marekani ziliharibu vinu vya utafiti vya Tuwaitha, na kwa kuwa vita vile vilikuwa na idhini ya Umoja wa Mataifa, wachache walithubutu kuuliza kama idhini hiyo ilihusu vinu pia. Tarehe 6 Septemba 2007 Israel ililipua jengo huko Al Kibar, mashariki mwa Syria, ambalo IAEA baadaye ilisema yaelekea lilikuwa kinu. Syria haikupiga kelele, Israel haikukiri hadi mwaka 2018, na mkuu wa IAEA wakati huo, Mohamed ElBaradei, alibaki karibu peke yake akilalamika kwamba mabomu yalitangulia wakaguzi.

Afrika nayo ina mfano wake. Tarehe 18 Desemba 1982 Rodney Wilkinson, akishirikiana na jeshi la ukombozi la Umkhonto we Sizwe, alilipua mabomu manne katika kituo cha Koeberg karibu na Cape Town. Fueli haikuwa imetiwa kinuni, na muda ulichaguliwa kwa makusudi ili mtu asidhurike. Ujenzi ulicheleweshwa kwa muda mrefu. Barani Afrika tendo hilo lilipokewa kama sehemu ya vita halali dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ni vigumu kulilaani. Hata hivyo, linaonyesha kwamba huruma za kisiasa huamua jina la shambulio hata pale ambapo nia ni njema.

Kenya yenyewe ilikaa mezani wakati wa tukio la kutisha kuliko yote yaliyotangulia. Mwaka 2021 na 2022 ilikuwa mwanachama wa Baraza la Usalama, na balozi wake Martin Kimani alijulikana duniani kwa hotuba yake ya Februari 2022 kuhusu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2022, majeshi ya Urusi yaliingia kwa mizinga katika kituo cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, chenye vinu sita na ambacho ni kikubwa kuliko vyote Ulaya. Jengo la mafunzo liliwaka moto ndani ya uzio. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa kituo kikubwa cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi kutekwa vitani. Baraza lilikutana siku hiyohiyo. Azimio halikupatikana, na halingeweza kupatikana, maana mshambuliaji alikuwa na kura ya turufu. Siku moja kabla, Bodi ya Magavana ya IAEA ilikuwa imeulaani uvamizi huo kwa kura 26 dhidi ya 2, na nchi 5 zikajizuia kupiga kura, mojawapo ikiwa Afrika Kusini, taifa pekee la Afrika lenye kituo cha umeme wa nyuklia.

Hata hivyo jibu la mwaka 2022 lilikuwa na upande mmoja wa maana, nao haukutoka kwa wanasiasa. Mkurugenzi Mkuu wa IAEA, Rafael Grossi, alitangaza nguzo saba za usalama wa vituo wakati wa vita: majengo yasiguswe, mifumo ya usalama ifanye kazi, wafanyakazi wasitishwe, umeme wa nje uwepo, vifaa vifike, mionzi ipimwe, mawasiliano yasikatwe. Tarehe 1 Septemba 2022 alivuka mstari wa mapigano pamoja na wataalamu wake, akaacha baadhi yao wakae humohumo kituoni. Wapo hadi leo kwa zamu. Uwepo wao haukuzuia mabaya yote. Tarehe 6 Juni 2023 bwawa la Kakhovka lilibomolewa, na hifadhi ya maji ambayo kituo kilitegemea kwa kupoza ikakauka, ikabidi visima vichimbwe. Umeme wa nje umekatika kabisa mara kumi au zaidi. Septemba 2025 ulikatika kwa takriban mwezi mzima, na kituo kikaishi kwa jenereta za dizeli. Lakini kila jambo hilo limejulikana siku hiyohiyo, kwa sababu kulikuwa na macho ya watu wasio upande wowote. Hilo ni jibu dogo, ila ni la kweli.

Kisha ikaja Juni 2025. Tarehe 1 ya mwezi huo Homa Bay ilikuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka, na mada ya mwaka ilikuwa uchumi wa buluu: samaki, maji, usafiri wa ziwani. Tarehe 13 Israel ilianza kupiga vituo vya Iran, na tarehe 22 Marekani ikaangusha mabomu makubwa ya kutoboa ardhi huko Fordow na Natanz na kurusha makombora Isfahan. Wakati mashambulizi yanaanza, Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 440 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60. Baraza la Usalama lilikutana zaidi ya mara moja. Urusi, China na Pakistan zilitayarisha rasimu ya azimio la kutaka mapigano yasitishwe, haikupigiwa kura. Urusi iliyokuwa imekalia kituo cha Zaporizhzhia kwa miaka mitatu sasa ilisimama kutetea utakatifu wa vituo vya nyuklia, na Marekani iliyoilaumu Urusi mwaka 2022 ikatoa sababu za kuvilipua. Septemba 2025, katika Mkutano Mkuu wa IAEA, Iran iliwasilisha rasimu ya kupiga marufuku mashambulizi ya aina hii, kisha ikaiondoa kabla ya kura. Kanuni ambayo mwaka 1981 ilipita bila kura hata moja ya kupinga, baada ya miaka 44 haikupigiwa kura kabisa.

Hali hii haitokani na ukosefu wa sheria. Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977 kwa Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 56, inayaweka mabwawa, makingamaji na vituo vya umeme wa nyuklia katika kundi moja: hivi visishambuliwe, hata vikiwa shabaha halali ya kijeshi, endapo shambulio litaachilia nguvu hatari na kuwaua raia wengi. Tanzania, Uganda na Kenya zote zimejiunga na itifaki hiyo. Marekani, Israel na Iran hazijairidhia. Zaidi ya hayo, kifungu chenyewe kina mianya miwili. Kinataja vituo vya umeme tu, kwa hiyo vituo vya utafiti na vya kurutubisha urani viko nje ya ulinzi huo maalumu. Na ulinzi wenyewe huondoka iwapo umeme wa kituo unasaidia mapigano moja kwa moja, mara kwa mara na kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo kila jemadari anaweza kulidai akiwa na ramani ya gridi ya taifa mbele yake.

Sheria iliyo wazi zaidi duniani kuhusu suala hili ni ya Waafrika, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache Nairobi. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kifungu chake cha 11 kinamkataza kila mwanachama kushambulia kwa silaha za aina yoyote kituo chochote cha nyuklia kilichomo barani, au kusaidia shambulio hilo, au kulichochea. Hakibagui kinu cha umeme na cha utafiti. Hakiachi mwanya wa umeme wa kijeshi. Kenya iliuridhia mkataba huu zamani, na tume inayousimamia ina makao yake Pretoria. Udhaifu wake uko mahali pengine. Itifaki zilizoandaliwa kwa ajili ya mataifa yenye silaha za nyuklia zinawataka wasitumie wala kujaribu bomu la nyuklia Afrika. Haziwafungi kuhusu shambulio la kawaida dhidi ya kinu. Na hata hizo, Marekani ilizisaini mwaka 1996 lakini haijaziridhia. Kwa maneno mengine, Waafrika wameahidiana wao kwa wao jambo ambalo wenye ndege za kufika mbali hawajawaahidi.

Hapo ndipo Homa Bay na Migori zinapoingia. Mpango wa kwanza wa Kenya ulikuwa kujenga Uyombo, Kilifi. Wakazi walikataa, na Mei 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Mwaka 2025 serikali ilielekeza macho Siaya, na miongoni mwa maeneo yaliyotajwa ni Lwanda Kotieno, kwenye rasi ya Rarieda. Lengo lililotangazwa ni kuanza na megawati 1,000 na kupata umeme mwaka 2034. Mjadala wa hadharani umekuwa wa ajira, fidia ya ardhi na bei ya umeme. Yote hayo ni halali. Lakini msafiri yeyote aliyepanda feri Mbita anajua kilicho ng'ambo: ni Lwanda Kotieno hiyohiyo. Siaya itapata kinu. Homa Bay itakitazama kila asubuhi kutoka ufukweni.

IAEA inapendekeza kwamba kinu cha ukubwa huo kizungukwe na kanda za tahadhari. Ndani ya kilomita 3 hadi 5, watu wawe tayari kuondoka hata kabla mionzi haijatoka. Kanda ya pili hufika kilomita 15 hadi 30. Mipango ya kupima mionzi na kuhamisha watu hufika kilomita 100, na ya kulinda chakula na bidhaa kilomita 300. Bikari ikichomekwa Lwanda Kotieno, Mbita na kisiwa cha Rusinga huangukia kanda ya pili, na mji wa Homa Bay uko karibu na ukingo wake. Mji wa Migori, Muhuru Bay na vijiji vya mpakani mwa Tanzania vimo ndani ya kilomita 100, na maji ya Uganda yamo pia. Kilomita 300 hufika Kampala, Jinja, Musoma na Mwanza. Hakuna mpango wa dharura wa kaunti moja unaotosha duara la namna hiyo.

Maji yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, na hubadilishana maji na ziwa kuu hasa kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Wakazi wa Mbita wanalijua hili kuliko wataalamu wengi: tuta lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Rusinga na bara lilizuia mkondo, magugu maji yakajaa, na kilio cha miaka mingi kilisikika tu lilipojengwa daraja mwaka 2017 ili maji yapite. Maji ya ghuba hii ndiyo yanayonywewa na miji ya kandokando yake. Nchi za Ghuba ya Uajemi zina hofu hiyohiyo kuhusu Bushehr, maana zinachuja maji ya bahari ili zinywe, na waziri mkuu wa Qatar aliwahi kusema hadharani mwaka 2025 kwamba bahari ikichafuliwa nchi yake ingebaki na maji ya siku tatu. Wao wana fedha za kujenga matangi makubwa ya akiba.

Na kuna omena. Katika fuo za Sori na Muhuru Bay, akina mama huitandaza omena juu ya nyavu kuukuu chini, wakaigeuza kwa mkono mpaka jua liikaushe. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, mzigo wa usiku mzima huharibika na hugeuka chakula cha kuku. Mvua hiyohiyo ndiyo huteremsha mionzi iliyopanda angani. Baada ya ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, mvua iliishusha kwenye malisho ya Wales na Scotland, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kinuni, na vikwazo vya kuuza kondoo wa huko viliondolewa kabisa mwaka 2012 tu. Hofu nayo huua soko bila hata chembe ya sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria baada ya habari za watu kuvua kwa dawa za wadudu. Viwanda vya minofu ya mbuta vilisimama na bei ikaporomoka hata kwa wavuvi ambao hawakuwahi kuishika dawa hiyo. Agosti 2023 China ilizuia samaki wote wa Japani kwa sababu ya maji ya Fukushima yaliyokwisha kusafishwa. Kombora moja likianguka karibu na kinu cha ziwani, hata likikikosa, litatosha kufunga fuo zote za Suba na Nyatike.

Wapo watakaosema kwamba hakuna jeshi linaloitamani Lwanda Kotieno. Historia ya eneo hili haitoi uhakika huo. Agosti 1998 waasi wa Kongo waliosaidiwa na Rwanda walirushwa kwa ndege hadi Kitona, magharibi kabisa mwa nchi, wakaliteka bwawa la Inga na kuizimia umeme Kinshasa, mji wa mamilioni ya watu. Bwawa hilo lilikuwa chini ya ulinzi wa kifungu kilekile cha 56. Hakuna aliyeadhibiwa kwa ajili yake. Na Migori yenyewe ina Migingo, mwamba wenye ukubwa usiofika ekari moja, ambako kwa miaka mingi polisi wa Uganda na madai ya Kenya vimekaa uso kwa uso kwa sababu ya samaki. Ikiwa mwamba huo haujapatiwa suluhu ya kudumu kwa zaidi ya miaka 15, kinu cha mabilioni ya dola kwenye maji yaleyale hakiwezi kuachwa nje ya mazungumzo ya usalama. Bado hapajatajwa makundi yenye silaha na droni za bei nafuu. Februari 2025 droni moja ilitoboa paa la chuma linalofunika mabaki ya Chernobyl, jengo lililogharimu fedha za nchi nyingi.

Jambo jingine lieleweke. Kwa kawaida mwenye kinu hawajibiki kukikinga na jeshi la nchi nyingine. Kanuni za Marekani zimesema hivyo waziwazi tangu miaka ya 1960, na sababu yake ina mantiki: hakuna zege linalotosha, hiyo ni kazi ya dola. Maana yake ni kwamba mkandarasi atakayeijengea Kenya kinu, atoke China, Korea au Marekani, hatauza kinga dhidi ya vita. Kinga hiyo hutafutwa kwa diplomasia, na hutafutwa mapema, kabla msingi haujamwagwa.

Mfano upo, na umetoka kwa maadui wasiopikika chungu kimoja. India na Pakistan, ambazo hazimo katika itifaki ya 1977, zilitiliana saini tarehe 31 Desemba 1988 makubaliano ya kutoshambulia vituo vya nyuklia. Kila tarehe 1 Januari tangu mwaka 1992, hukabidhiana orodha ya vituo hivyo pamoja na mahali vilipo. Hawakuiacha desturi hiyo wakati wa vita vya Kargil mwaka 1999, wala baada ya makombora ya Mei 2025. Kenya, Uganda na Tanzania si maadui, na Uganda nayo inapanga kinu chake Buyende. Kuandikiana makubaliano ya namna hiyo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kungekuwa kazi ya miezi, na kungezipa nguvu ya kudai zaidi kwa wakubwa.

Chombo cha kuanzia nacho kipo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ina makao yake Kisumu, na itifaki ya ziwa iliyosainiwa Novemba 2003 inaitaka kila nchi iwaarifu wenzake kuhusu miradi inayoweza kuwadhuru. Arifa hiyo isiishie kwenye athari za mazingira za siku za amani. Inapaswa kuuliza umeme wa akiba utatoka wapi nyaya za gridi zikikatwa, maji ya kupoza yatatoka wapi mlango wa kuvutia maji ukiharibiwa, na nani atawaambia wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania warudi nchi kavu usiku, wakati maelfu ya taa za omena ziko katikati ya maji.

Kaunti nazo zina nafasi. Gavana wa Migori, Ochillo Ayacko, aliwahi kuwa waziri wa nishati, kisha akaongoza bodi ya umeme wa nyuklia ya Kenya kabla ya kurudi kwenye siasa za uchaguzi. Ni magavana wachache Afrika wanaoijua lugha ya IAEA huko Vienna kama yeye. Anaweza, pamoja na wenzake wa Homa Bay na Siaya, kudai kwamba kaunti zote zilizomo ndani ya kilomita 100 zitambuliwe kisheria kuwa wadau wa kinu, zipate vipimo vya mionzi vinavyosomeka hadharani, na zihusishwe katika mazoezi ya dharura. Vipimo hivyo vianze mapema. Udongo wa vilima vya Ruri, huko Lambwe, una thoriamu ya asili, na wanasayansi wa Kenya wameonyesha kwamba mionzi ya huko iko juu ya wastani wa dunia. Bila kumbukumbu za hali ilivyo leo, siku ya mgogoro kila mtu atakuwa na takwimu zake.

Upande wa kimataifa, kazi ya Kenya ni ya vitu viwili. Kwanza, kurudisha Vienna, kwa jina la kundi la Afrika, rasimu ya kukataza mashambulizi dhidi ya vituo vyote vya nyuklia vilivyo chini ya ukaguzi. Ikiletwa na Iran, hupimwa kwa uso wa Iran. Ikiletwa na nchi zilizolaani uvamizi wa Ukraine na zisizo na bomu wala nia ya bomu, kama ilivyo Kenya iliyopiga kura ya kuulaani tarehe 25 Februari 2022, ni vigumu kuitupa. Pili, kudai itifaki mpya ya Pelindaba ambayo mataifa matano yenye silaha za nyuklia yataahidi kutekeleza kifungu cha 11, silaha yoyote itakayotumika. Mazungumzo ya kununua kinu ndiyo wakati bora wa kuidai ahadi hiyo, maana wengi wa wauzaji wakuu wa vinu, Urusi, China, Ufaransa na Marekani, wanatoka katika mataifa hayohayo matano. Anayetaka mkataba wa kujenga Siaya anaweza kuombwa kwanza saini yake ya kutokishambulia.